Mama Mkwe Ndani ya Jiwe

Jiwe lililonitia wasiwasi lilikuwa kwenye ukuta wa kaskazini, chini ya dirisha, na lilikuwa linakohoa.

Nasema linakohoa na ninajua ninachosema. Kazi ya kuhifadhi mawe ya nyumba za ibada nimeianza nywele zangu zikiwa bado nyeusi. Nimepima misikiti, nimepima makanisa, nimepima hata hekalu moja la Wahindi kule Tanga. Jiwe lililolala halina maneno. Unabandika sikio, ndivyo tunavyokiita kile chombo chetu cha duara, waya unaingia masikioni mwako, na unachosikia ni mvumo mdogo tu wa kitu kilichotulia. Hili likakohoa kikohozi kikavu. Halafu likasema, kwa sauti ya bibi aliyezoea kusikilizwa:

"Nani huyo ananipapasa na mikono ya baridi?"

Sikio lilinidondoka likagonga sakafu. Mchungaji Mbonea, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la chai, akauliza, "Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu, Mchungaji," nikasema. "Jiwe hili nani analikaribia sana?"

Akatabasamu. "Hapo ndipo anapoombea Bibi Eliwaza. Kila siku anakuja kufagia, akimaliza anaweka paji la uso kwenye jiwe hilo, anaomba mpaka machozi yanatoka. Tunamwita mama wa maombi. Kuna vijana wamemuiga, na wao siku hizi wanaomba kwa paji la uso ukutani."

Nikamwambia chai nitakunywa nje na nikamwomba aniitie huyo mama wa maombi.

*

Nieleze kidogo, maana wengine mmezaliwa juzi na punje mmezisikia kwenye mitihani tu. Punje ni ndogo kuliko mbegu ya ulezi, na ndani yake mtu amewekwa: sauti yake, kicheko chake, anayoyakumbuka, anayoyachukia. Si roho. Mchungaji atakwambia hivyo na sheria nayo inasema hivyo hivyo. Lakini ukiongea nayo inakujibu kama mwenyewe alivyokuwa siku aliyoketi mbele ya mashine. Hapo mwanzo watu walizihifadhi kabatini, wahuni wakazinakili, ikafika mahali mtu anapigiwa simu na marehemu baba yake anamwomba afungue mlango. Ndipo serikali ikapiga marufuku kunakili sauti ya marehemu, na watu wakatafuta mahali ambapo hata mwizi ataona haya kuiba. Wakaziweka ndani ya mawe ya nyumba za Mungu. Jiwe linatobolewa, punje inatiwa, tundu linazibwa, jiwe linajengewa ukutani. Joto la mchana na ubaridi wa usiku vinaitosha kuishi. Inalala humo hadi siku iliyokubaliwa, na inaamshwa kwa neno ambalo mwenyewe alilichagua akiwa hai.

Watu wa Ikanza, huku juu Upare, walikubaliana siku hiyo iwe jubilei ya miaka hamsini ya kanisa lao. Kila nyumba ikatia mtu wake mmoja. Na kwa kuwa Wapare ni Wapare, nami ni wao kwa hiyo nina ruhusa ya kusema, waligombania jiwe la msingi mpaka kesi ikafika wilayani. Mchungaji wa wakati huo alipochoka akaamua mawe yote yachongwe sawasawa, yachanganywe uwanjani, na mafundi wajenge bila kujua lipi la nani. Hakuna nyumba itakayojivunia kona. Wakaweka na agano: atakayemwamsha mtu wake kabla ya siku, jiwe lake litolewe ukutani liachwe nje.

Sasa jubilei ilikuwa bado, na mlima ukakataa kuingoja. Tangu mvua kubwa za karibuni ardhi ya Ikanza ilikuwa inateremka taratibu na kanisa lilikuwa limepasuka kuanzia madhabahuni hadi mlangoni. Ikabidi lihamishwe, jiwe kwa jiwe, hadi kwenye mwamba wa ng'ambo. Ndege za mizigo hazifai, mtetemo wake unaziua punje. Basi ikapigwa mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, kama walivyofanya babu zao walipochimba mabwawa ya maji, na watu wa Ikanza wakapanda kutoka kila walikokuwa kuja kubeba kwa mikono. Kazi yangu mimi ilikuwa kupima kila jiwe na kulipoza kabla halijang'olewa, maana punje husafiri salama ikiwa imepoa.

Punje iliyoamka ni habari nyingine. Yale aliyoyasema mtu mbele ya mashine yamechongwa. Anayojifunza baada ya kuamka yameandikwa kwa chaki, na baridi inafuta chaki. Ukimpoza anarudi kuwa yule yule wa siku ile ya kwanza. Na ukiitoa nje ya jiwe ikiwa macho itaongea kwa nguvu uwanja mzima usikie, kwa muda mfupi, halafu itaungua na hutaipata tena.

*

Bibi Eliwaza alikuja na ufagio wake. Mwembamba, mrefu, anatembea kwa kusikilizia magoti. Nikamsalimia shikamoo, nikafunga mlango.

"Bibi, humu ndani kuna mtu yuko macho. Ni wako?"

Hakujifanya hamnazo. Aliegemeza ufagio ukutani, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Ni Namkunda, mama mkwe wangu. Sema polepole, mwanangu, anasikia kila kitu na hapendi kusengenywa."

"Umemwamsha lini?"

"Aa, zamani. Mjukuu wangu mkubwa alikuwa hajazaliwa. Sasa yuko chuo, anafuga ndevu."

Haki ya Mungu, nilikaa kwenye benchi bila kuambiwa. Miaka yote hiyo!

"Na watu hawajajua?"

"Watu wanasema nina kipawa cha maombi." Akacheka hadi akashika mbavu. "Maneno yake hayatoki nje, lazima uweke paji la uso ndipo unayasikia kwenye mfupa. Siku nyingine nilikuwa namwambia, 'Mama, wewe ni mwongo mkubwa,' na wanakwaya nyuma yangu wanaitikia, 'Amina.'"

Nilitaka kucheka na mimi, lakini uso wake ulikuwa umeshabadilika. Akaketi kando yangu akanisimulia, bila haraka.

Mumewe aliitwa Sefania. Alikuwa fundi wa mawe, na mengi ya mawe ya kanisa hili aliyachonga yeye. Mvua kubwa zilipokuja mwaka wa ujenzi, bwawa la maji la kijiji, ndiva, lilijaa pomoni. Kila nyumba ilikuwa na zamu ya kwenda kulifungulia lisije likapasuka, na zamu ya nyumba yao kwa kawaida alikwenda Eliwaza kwa sababu mumewe alishinda machimboni. Siku hiyo Eliwaza alikuwa kitandani na homa ya uzazi, mtoto hana hata wiki. Akamsihi mumewe asiende, mvua ipungue kwanza. Akapitiwa na usingizi wa homa. Alipozinduka Sefania hayupo. Ukingo wa ndiva ulikuwa umeteremka naye.

"Msibani mama mkwe alisimama," akasema Bibi Eliwaza. "Akasema mbele ya watu wote kwamba mimi nililala nikamtuma mwanawe akafe. Mimi niseme nini? Nilikuwa nimelala kweli. Tangu siku hiyo kila mtu Ikanza anajua kwamba Eliwaza alimtuma mumewe. Hawaniambii. Wananisalimia vizuri tu. Lakini wanajua."

Mwaka huo huo punje zikatiwa, na wazee wa ukoo wakamchagua Namkunda aingie kwa niaba ya nyumba yao. Alipoulizwa neno lake la kuamshia hakumwachia mtu yeyote. Alisema tu, "Mkwe wangu atalijua." Neno lenyewe lilikuwa "Nisamehe, mama." Alitaka siku ya jubilei Eliwaza ajaribu maneno yote mbele ya kanisa zima hadi abaki na hilo moja, alitamke, na yeye Namkunda ashinde kesi akiwa kaburini.

Jamani, mnawaona watu wa kwetu! Mtu yuko tayari kusubiri nusu karne ndani ya ukuta ili aombwe msamaha.

"Siku moja nilikuwa nafagia," akaendelea. "Ilikuwa ni tarehe ile ile aliyokufa Sefania. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nimechoka kuwa na haki peke yangu. Nikasema tu kwa kukata tamaa, 'Nisamehe, mama.' Nikasikia kitu kinanung'unika ukutani. Sikujua ni jiwe lipi. Nilizunguka kanisa siku kadhaa, najaribu kila jiwe kwa paji la uso, ndipo watu wakaanza kusema Eliwaza amejaliwa maombi. Nilipompata aliniambia, 'Umechukua muda.' Tukaanza kugombana. Tuligombana, tuligombana, mpaka tukaishiwa. Halafu siku moja akanyamaza, akasema kuna jambo."

Akanitazama. Sikuhitaji kuambiwa, nilijua kwamba sasa tumefika penyewe.

"Ni yeye aliyemtuma. Alikuja dirishani mimi nimelala. Akamwambia Sefania, 'Mwanaume gani unazuiwa na mke kitandani? Nenda, majirani wasije wakatucheka.' Akaenda. Mama yule alibeba hilo mpaka mashineni na hakulisema hata kwa mashine. Alinisema mimi kwa sababu hakuweza kujisema."

Hakulia. Aliyelia ni mimi, mtu mzima na vifaa vyangu vya serikali shingoni.

"Tangu hapo tunaongea habari za Sefania," akasema. "Hakuna mtu mwingine ninayeweza kukumbushana naye alivyokuwa akipiga mluzi. Kwa hiyo, mwanangu, mpoze taratibu."

"Bibi, unajua nikimpoza atasahau? Atarudi na yale ya msibani."

"Najua. Aliniambia mwenyewe, anayajua mambo yenu."

"Na jubilei sikio litapitishwa kwa kila mtu, watamsikia hivyo. Utakuwa umesemwa upya, mbele ya wajukuu zako."

"Ndiyo."

"Nikimtoa nje leo atasema kweli, kila mtu atasikia. Utakuwa huru!"

"Na yeye ataungua." Akainuka, akachukua ufagio wake. "Nikashinde kesi halafu niongee na nani?"

*

Mambo haya hayakukaa siri hata siku moja, kwa sababu ya Mzee Kirita.

Mzee Kirita alikuwa mzee wa kanisa na msimamizi wa kuhamisha mawe, mtu ambaye angeweza kuishitaki mvua kwa kumlowesha. Namkunda alikuwa shangazi yake, na Sefania binamu yake waliyekua pamoja kama mapacha. Alipopita kukagua akaona jiwe moja halijafungwa blanketi la baridi kama mengine. Akauliza kwa nini. Nikaanza kujiumauma, na Bibi Eliwaza, aliyekuwa anapanga mabenchi, akajibu kabla yangu:

"Ni la shangazi yako. Nilimwamsha mimi."

Mchana huo huo watu wakakusanyika uwanjani. Makande yalikuwa jikoni kwa ajili ya msaragambo, na harufu ya maharage ilikuwa imetanda kote, lakini hakuna aliyekuwa na hamu ya kula. Mzee Kirita alisimama akiwa ameshika kofia.

"Agano linasema jiwe lililoamshwa libaki nje," akasema. "Libaki hapa, mlima uende nalo. Mimi siwezi kumwacha shangazi yangu aende na mlima. Lakini pia siwezi kunyamaza. Alikufa na uchungu wa mwanawe. Mhifadhi amesema jiwe likifunguliwa ataongea tumsikie. Basi lifunguliwe! Aongee leo, sote tuko hapa. Kama mkwe wake hana kosa anaogopa nini?"

Watu wakanong'ona. Macho yote yakamgeukia Bibi Eliwaza.

"Siogopi," akasema. "Sitaki aungue."

"Ulimwacha mwanawe aende kufa, leo ndiyo unamhurumia mama?"

Kuna mama mmoja alisema "Kirita!" kwa sauti ndogo, lakini hakuna aliyesema kwamba si kweli. Na mimi nilikuwa najua! Nilikuwa najua kwamba huyu mzee anaomba kitu kitakachomvua nguo yeye mwenyewe. Damu ilinipanda kichwani. Nikafungua mdomo. Bibi Eliwaza akanitazama tu, kama mama anavyomtazama mtoto anayetaka kusema jambo la nyumbani mbele ya wageni, na nikaufunga.

"Mhifadhi," akasema Mchungaji Mbonea kwa upole, "kisheria uamuzi ni wako. Kufungua au kupoza."

Nikaomba watu wale kwanza.

*

Sheria yetu iko wazi. Punje haiulizwi inataka nini. Punje si mtu, na mhifadhi anayeanza kuiuliza hatamaliza. Nimewafundisha hivyo wanafunzi wangu kwa ukali. Niliingia kanisani, nikabandika sikio, nikauliza.

"Wamesemaje huko nje?" sauti ikanitangulia.

"Kirita anataka ufunguliwe, bibi."

"Ahaa! Mtoto yule ana akili kuliko nilivyodhani. Nifungueni."

"Utaungua."

"Binti, mimi nilishakufa. Unanitisha na nini?"

"Mkwe wako hataki."

Sauti yake ikashuka.

"Ndiyo maana nataka. Yule mtoto wa watu amebeba mzigo wangu tangu ujana wake. Nimekaa humu ukutani, ibada ikiisha nasikia wanavyomsema wakitoka, nao wamemaliza kuimba sasa hivi tu. Sina mkono wa kumzaba mtu kibao. Nilichonacho ni mdomo. Nitoe nje niutumie, halafu basi."

"Na yeye atabaki na nani?"

"Atabaki na jina zuri."

"Hataki jina zuri. Anakutaka wewe."

Nikamsikia akipumua, ingawa punje haina mapafu. Mashine ilichukua hata pumzi zao.

Sasa niambieni, ningefanya nini? Mmoja yuko hai anaomba niache uongo uendelee ili asipoteze mtu. Mwingine amekufa anaomba nimuue mara ya pili ili aseme kweli. Na kila mmoja anaomba kwa ajili ya mwenzake! Ningekuwa nasuluhisha watu wabaya ningeamua haraka. Nilikaa kwenye lile benchi nikaona hakuna upande nitakaokwenda nikalala vizuri.

Halafu nikawaza kuhusu paji la uso.

Ni marufuku, nalisema bayana. Punje iliyoamka kabla ya siku yake haisikilizwi na mtu yeyote isipokuwa mrithi wake. Leseni za wenzangu zimefutwa kwa hilo, na yangu inaweza kufutwa mkisoma haya. Lakini jiwe lilikuwa bado zima, punje iko humo humo, na hakuna kitakachoungua mtu akiweka uso wake hapo.

"Bibi," nikasema, "ukimwambia Kirita peke yake, inatosha?"

Akafikiri. "Kirita? Kwa mdomo alionao, inatosha wilaya nzima. Mlete."

Nilimkuta amekaa mbali na watu, sahani haijaguswa.

"Mzee, njoo kanisani. Uweke paji la uso jiweni."

"Mimi si mtu wa maigizo, mama."

"Shangazi yako anakuita."

Alisukuma sahani kando, akaja. Alivua kofia mlangoni. Aliposogeza uso wake kwenye jiwe nilichomoa waya masikioni, nikaenda kusimama madhabahuni nikiwa nimewapa mgongo. Mengine hayakunihusu. Nilisikia upande wake tu.

"Shikamoo, shangazi." Halafu kimya kirefu. Halafu, "Nani alikuwa dirishani?" Halafu, "Hapana. Hapana, shangazi, usiseme hivyo." Halafu akawa anaitikia tu, "Ndiyo. Ndiyo, shangazi," kwa sauti iliyokuwa inazidi kuwa ndogo.

Nilipogeuka alikuwa ameteleza chini, ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyosha mbele, kofia yake kifuani. Mzee wa watu analia bila kujificha. Nikakaa kando yake.

Tulipotoka watu walisimama na sahani zao mikononi. Mzee Kirita akapita katikati yao, akaenda moja kwa moja hadi kwa Bibi Eliwaza, aliyekuwa anapakua makande.

"Shemeji," akasema, "mimi ni mjinga. Nimekuwa mjinga maisha yangu yote."

"Ulikuwa na uchungu," akajibu bila kuacha kupakua. "Na mimi nilikuwa nao. Shika sahani, yanapoa."

Hakushika. Akawageukia watu.

"Kesi nimeifuta," akasema.

Mpare amefuta kesi! Kuna waliodhani hawakusikia vizuri.

"Sefania hakutumwa na mkewe. Nimesikia kwa aliyemtuma, na aliyemtuma alimpenda kuliko sisi sote, kwa hiyo hapo tunyamaze. Jiwe litapozwa, litabebwa na mengine. Na atakayetamka tena lile neno juu ya huyu mama nitampeleka mahakamani, na mnanijua."

Walimjua. Mchungaji Mbonea akasema "Amina," na safari hii watu waliitikia taratibu sana. Wazee wawili wakainamisha vichwa, nikaona kwamba wameelewa. Mama yule aliyesema "Kirita!" akaja kumpokea Bibi Eliwaza mwiko, akampakulia yeye.

*

Tulimpoza asubuhi iliyofuata, jua likiwa limeshaingia dirishani. Blanketi la baridi ni kama godoro jembamba, unalizungusha kwenye jiwe unalifunga kwa mikanda. Nilimwachia Bibi Eliwaza nafasi upande mmoja aweke paji lake la uso, na nikabaki na sikio langu upande wa pili. Hilo linaruhusiwa, mhifadhi lazima asikie usingizi unapoingia.

"Mkwe," sauti ikasema, "nikiamka nitakutukana."

"Najua, mama."

"Nitasema umemuua mwanangu."

"Najua."

"Na nitakuwa naamini. Hilo ndilo linaloniuma. Nitajidanganya upya, na nitajiamini."

"Mara ya kwanza nilikuvumilia kwa hasira," akasema Bibi Eliwaza. "Safari hii nitakuvumilia nikiwa na akili zangu."

"Na ukifa kabla?"

Mzee Kirita, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, hakulisikia swali hilo, lakini nadhani alilikisia. Akainama akagusa jiwe. "Mwambie na mimi nipo," akasema. Bibi Eliwaza akamwambia.

"Haya," ikasema sauti. "Niambie tena ule mluzi."

Bibi Eliwaza hakujua kupiga mluzi vizuri, meno ya mbele hana. Alipiga hivyo hivyo, pumzi nyingi kuliko sauti. Nilizungusha baridi polepole, polepole kuliko kanuni inavyotaka. Nikasikia kicheko kidogo, halafu kikohozi, halafu mvumo ule mdogo wa kitu kilichotulia.

"Amelala," nikasema.

Bibi Eliwaza akabaki na uso wake jiweni kwa muda. Blanketi lilikuwa limemwachia alama nyeupe ya ubaridi kwenye paji la uso. Nikaipangusa kwa kanga yake.

Msaragambo ulichukua siku nyingi. Mawe yalipita mkono kwa mkono kuteremka bondeni na kupanda ng'ambo, watu wakiimba. Jiwe la Namkunda lilipofika Mzee Kirita alikataa kumpa mtu wa pili, akalibeba mwenyewe hadi juu, anahema, anagombana na kila aliyetaka kumsaidia.

*

Nilirudi Ikanza kanisa jipya lilipozinduliwa, kupima kwa mara ya mwisho. Nilipima Jumamosi. Mawe yote yalikuwa yamelala, nikatia saini yangu.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa nakusanya vifaa nikaona mlango wa kanisa umefungwa. Mzee Kirita alikuwa amesimama nje, mikono nyuma, anawafukuza watoto. "Tulieni, mama anaomba," anawaambia. Aliponiona akakohoa, akatazama juu kama mtu anayekagua paa. Kisha akanifungulia.

Bibi Eliwaza alikuwa ukuta wa kaskazini, paji la uso jiweni, amepiga magoti kwenye kanga aliyoikunja mara mbili. Nikaenda taratibu hadi upande wa pili. Nikajiambia nisipime, kazi nilishaimaliza jana. Nikapima.

Masikio yangu yalijaa matusi. Muuaji wewe! Mwanangu wa pekee! Ulilala wewe, ulilala kitandani, ukamtuma mtoto wangu kwenye maji! Sauti ile ile, lakini changa kwa hasira, kana kwamba msiba ni wa jana, na kwake ulikuwa wa jana. Kila neno lilikuwa la kuchoma. Niliangalia uso wa Bibi Eliwaza. Machozi yalikuwa yanateremka hadi kidevuni na alikuwa anatabasamu.

Nikabandua sikio, nikaukunja waya wake, nikalitia mfukoni. Nikamsikia akijibu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa:

"Sema yote, mama. Leo sina haraka."